Kimya Chenye Mshindo: Jinsi Silaha za Marekani Zilivyofika Yemen

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie hasira. Hasira ya raia wa Marekani dhidi ya wabunge wao, na hasira yetu sisi huku, kila tunaposikia Seneti imekaa na silaha zimeruhusiwa kwenda vitani. Nitazungumza zaidi juu ya Yemen, na wenyewe mnajua kwa nini. Humu ukumbini wamo watu ambao babu zao walishuka jahazini hapa Mombasa wakitoka Shihr, Mukalla na Tarim. Yemen ikipigwa, simu hulia Kibokoni na Majengo.

Tarehe 9 Agosti 2018, katika mji wa Dahyan, mkoa wa Saada, basi la watoto waliokuwa katika matembezi ya masomo ya likizo lilikuwa limesimama sokoni. Ndege ya muungano unaoongozwa na Saudi Arabia ikaangusha bomu. Msalaba Mwekundu ulihesabu maiti 51, na 40 kati yao walikuwa watoto. Muungano ule kwanza ulisema shambulio lilikuwa halali. Wiki tatu baadaye ukakiri kwamba makosa yalifanyika. Lakini kabla ya kukiri huko, vipande vya bomu vilikuwa vimeshapigwa picha na namba zake kusomwa. CNN ilizipeleka picha kwa wataalamu wa silaha, nao wakasema: bomu aina ya MK 82, la kilo zipatazo 227, kazi ya kampuni ya Lockheed Martin ya Marekani.

Sasa mtu mwenye uchungu atauliza: ni mbunge gani aliyelipitisha? Nani alisema ndiyo? Hapo ndipo nataka tukae jioni hii, kwa sababu ukimtafuta huyo mtu utakesha na hutampata.

Sheria inayosimamia mauzo ya silaha za Marekani kwa nchi za nje ni ya mwaka 1976. Serikali ikitaka kuiuzia nchi kama Saudi Arabia silaha kubwa za dola milioni 14 au zaidi, lazima ilipelekee Bunge taarifa rasmi. Kuanzia hapo zinahesabiwa siku 30. Kwa nchi za NATO na marafiki wachache waliotajwa katika sheria, Israel ikiwamo, ni siku 15 tu. Siku zikiisha na Bunge halijapitisha azimio la kupinga, mauzo yanaendelea. Nisikilizeni vizuri hapo. Hakuna kura ya kuidhinisha. Hakuna anayeitwa jina lake akajibu ndiyo. Mbunge anaweza kwenda zake jimboni, akazindua daraja, akapiga picha na wapiga kura, na siku ya 31 mabomu yakawa yameshapata ruhusa bila yeye kufungua mdomo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Novemba 2015, vita vya Yemen vikiwa na miezi minane, serikali ya Obama ililiarifu Bunge kuhusu mauzo ya mabomu kwa Saudi Arabia, maelfu kwa maelfu, ya dola bilioni 1.29. Siku zikapita. Seneti haikupiga kura yoyote.

Mwanzoni sheria ile ilikuwa na meno. Mabaraza yote mawili ya Bunge, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, yakikataa, rais hana la kusema. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha iliyohusu uhamiaji na wala haikugusa silaha, iliamua kwamba Bunge haliwezi kutangua hatua ya serikali kwa azimio lisilopita mezani kwa rais. Tangu hapo rais anaweza kulikataa azimio kwa kura ya turufu, na kuishinda turufu hiyo panahitajika theluthi mbili za kila baraza. Katika Seneti ni watu 67 kati ya 100. Mwaka 1986 wabunge walikataa kuiuzia Saudi Arabia makombora, Rais Reagan akapiga turufu, Seneti ikarudi kupiga kura. Waliotaka kuyazuia walikuwa 66. Walipungukiwa na mtu mmoja! Na mpaka leo hakuna mauzo ya silaha hata mamoja yaliyowahi kuzuiwa kwa azimio la namna hiyo.

Kuna desturi nyingine ambayo haimo katika sheria. Kabla ya taarifa rasmi, serikali huwauliza kwanza wakuu wa kamati za mambo ya nje, wa chama chenye wingi na wa upinzani, na mmoja wao akishika breki mambo kwa kawaida husimama. Mwaka 2018 Seneta Robert Menendez wa New Jersey alishika breki hiyo kuzuia mabomu ya Saudi Arabia na Imarati kwa sababu ya vifo vya raia wa Yemen. Alifanya jambo jema, na nasema hivyo bila kusita. Lakini seneta huyohuyo, Julai 2024, alikutwa na hatia ya kupokea rushwa, vipande vya dhahabu vikiwamo, na ya kuitumikia serikali ya Misri. Ikaonyeshwa mahakamani jinsi habari za kibali chake kwa mauzo ya risasi za vifaru, za takriban dola milioni 99, zilivyopelekwa kwa Wamisri. Januari 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Ndiyo maana siwezi kuridhika na mfumo unaotegemea dhamiri ya mtu mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Leo atawaokoa watu, kesho atawauza.

Basi hasira ya watu ilifanya nini? Wapo wanaosema haikufanya kitu. Mimi sikubaliani nao, na nitawaonyesha hesabu.

Septemba 2016, maseneta Chris Murphy na Rand Paul, mmoja Demokrati na mwingine Ripablikani, walilazimisha kura ya kuzuia vifaru vya Saudi Arabia vya dola bilioni 1.15. Waliowaunga mkono walikuwa 27 tu. Wenzao 71 wakalizima azimio. Wiki tatu hazikutimia, tarehe 8 Oktoba, ndege za muungano zikapiga ukumbi wa matanga katika Sanaa, mji mkuu wa Yemen, watu wamekuja kutoa pole, na zaidi ya 140 wakauawa. Obama, akiwa njiani kuondoka madarakani, akasimamisha sehemu ya mabomu ya kuongozwa. Trump akaingia akayarudisha. Juni 2017 kura ikapigwa tena, safari hii juu ya mabomu hayo ya dola milioni 510. Waliopinga: 47. Kutoka 27 hadi 47 katika miezi tisa! Maseneta hawakuamka asubuhi moja wakiwa wema. Ni raia waliopiga simu, Wayemeni wenyeji wa Michigan na New York, wanaharakati wa amani, na wanajeshi wastaafu waliosema mbele za watu kwamba nchi yao inashiriki mauaji.

Kisha ikaja Oktoba 2018, na Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Kisaudia, akauawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul. Hapo milango ikafunguka. Novemba, ndege za Marekani zikaacha kuzijazia mafuta angani ndege za Saudia. Tarehe 13 Desemba maseneta 56 dhidi ya 41 wakapiga kura kutaka Marekani ijitoe katika vita vya Yemen. Nitasema linaloniuma: mwandishi mmoja aliyefahamika Washington aliwagusa kuliko watoto 40 wa Dahyan ambao hakuna seneta aliyejua jina la hata mmoja wao. Simlaumu marehemu, Mungu amrehemu. Nawalaumu waliohitaji maiti ya mtu wanayemjua ili waamini kwamba wengine nao hufa.

Mwaka 2019 mabaraza yote mawili yakapitisha azimio la kujitoa, na Aprili Trump akalipiga turufu. Mwezi Mei waziri wake wa mambo ya nje, Mike Pompeo, akatangaza dharura kwa sababu ya Iran, na kwa neno hilo moja akaruka zile siku 30: mikataba 22, ya dola zipatazo bilioni 8.1, kwa Saudi Arabia, Imarati na Jordan. Juni Seneti ikakataa, Baraza la Wawakilishi likakataa, Julai Trump akapiga turufu tena, na theluthi mbili hazikupatikana. Mlango huo wa dharura haukufungwa na waliomfuata. Desemba 2023 Antony Blinken, waziri wa Biden, aliupitia kuipelekea Israel risasi za vifaru 14,000. Machi 2025 Marco Rubio, waziri wa Trump, akaupitia kuipelekea Israel silaha za takriban dola bilioni 4. Vyama viwili, mlango mmoja.

Kijana pale ameinua mkono tangu zamani. Ndiyo, mwanangu? … Anauliza, je, na Mahouthi, wale waasi wa Yemen waliopigana na muungano wa Saudia? Swali la haki. Mahouthi wametega mabomu ya ardhini yaliyokata miguu ya wakulima, wameushambulia mji wa Taiz kwa mizinga kwa miaka, na Iran imewapa silaha. Mwenye kuwalilia Wayemeni awalilie wote. Lakini bunge unaloweza kulishinikiza ni lile linalojibu kwa wapiga kura, na mabomu ya angani hayakutoka kwa Mahouthi. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ulikadiria kwamba hadi mwisho wa 2021 vita vile vingekuwa vimeua watu 377,000, wengi wao kwa njaa, maradhi na kukosa tiba.

Februari 2021 Biden akatangaza kwamba Marekani haitasaidia tena mashambulizi ya Saudia. Aprili 2022 yakaja makubaliano ya kusitisha vita. Sisemi ni kazi ya kura za Seneti peke yake. Nasema Riyadh walijua hesabu ile, 27, 47, 56, kama tunavyoijua sisi.

Gaza imefuata njia hiyohiyo, kwa mwendo mchungu zaidi. Aprili 2024, vyuo vikuu vikianza kujaa mahema ya wanafunzi, Baraza la Wawakilishi lilipitisha fedha za Israel kwa kura 366 dhidi ya 58. Hiyo ilikuwa kura ya ndiyo, ya wazi, na wenye hasira wana majina mkononi. Februari mwaka huohuo, katika kura za mchujo Michigan, zaidi ya watu 100,000 wa chama cha Biden walikuwa wamechagua kutomtaja yeye wala mwingine. Novemba 2024 Seneta Bernie Sanders alilazimisha kura za kuzuia silaha kwa Israel, na iliyopata nyingi ilipata 19. Watu wakakasirika, wakaandika kwamba Seneti nzima imenunuliwa. Julai 2025 Sanders akarudi, na azimio la kuzuia bunduki likapata 27 dhidi ya 70. Lilishindwa. Lakini 27 hao walikuwa zaidi ya nusu ya kundi zima la Wademokrati katika Seneti, jambo ambalo miaka miwili kabla hakuna aliyelitabiri.

Sasa, hapa wengi mna ndugu Minnesota, Ohio, Texas. Mkizungumza nao, waambieni hivi. Katika Seneti, azimio la kupinga likikaa kamatini siku kumi bila kushughulikiwa, seneta yeyote anaweza kudai lipigiwe kura hata viongozi wakichukia. Kwa nchi za ile orodha ya siku 15, ni siku tano tu. Simu inayopigwa kabla ya hapo inamkuta seneta hajajificha. Inayopigwa baada ya picha za maiti kusambaa inamkuta ameshaandaa taarifa ya masikitiko. Na akisema kiwanda cha mabomu kimeajiri watu jimboni kwake, kwani hiyo ndiyo hoja wanayoipenda, amuulize ni kazi ngapi haswa, na kama wafanyakazi hao waliwahi kuulizwa wanataka kutengeneza nini.

La mwisho ni la hapa nyumbani. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikiwa njiani kuja bandari yetu. Ilikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 kutoka Ukraine. Serikali ya Kenya ilisema ni vya jeshi letu. Hati za mzigo zilielekeza kwa serikali ya Sudan Kusini, wakati ambapo Kenya ilikuwa imesimamia mkataba wa amani wa Sudan miaka mitatu tu nyuma. Februari 2009 meli ilitia nanga Kilindini, na watu wakaona vifaru vikishushwa. Andrew Mwangura, mtetezi wa mabaharia wa hapahapa Mombasa, ndiye aliyewaambia waandishi kwamba mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini. Alikamatwa akafikishwa mahakamani. Desemba 2013 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi ile changa haikuwa na upungufu wa silaha.

Wamarekani wana sheria mbovu ya siku 30, lakini walau taarifa hutolewa, huandikwa, na raia wa kawaida anaweza kuisoma. Sisi vifaru vilipita bandarini mwetu na aliyevitaja ndiye aliyefungwa pingu. Nataka wabunge wetu wa Pwani waulizwe swali hilo hadharani kabla ya uchaguzi, kwa majina, mmoja mmoja: mzigo wa silaha unaopita Kilindini kwenda vita vya jirani, nani anaarifiwa, na nani anaweza kuuzuia?

Karibuni maswali. Tuanze na mama pale mbele, amesubiri sana.