Jiwe la mizani kwa galaksi za mbali

Wanafunzi wangu, walimu wenzangu, na wazee wetu mliokuja kutusikiliza jioni hii, asanteni kwa kufika. Kabla sijagusa galaksi, yaani ile mikusanyiko mikubwa ya nyota, naomba nianze na mizani.

Mama yangu aliuza mchele sokoni kwa miaka mingi. Ofisa wa vipimo alikuwa akipita na sanduku lake la mawe ya shaba. Anaweka jiwe la kilo moja, anatazama mshale. Anaweka la kilo mbili, anatazama tena. Kisha anapiga muhuri. Mwaka mmoja alikuja ofisa mwingine, mwenye subira zaidi, akapandisha mawe mpaka kilo kumi. Pale mizani ikasema kumi na kidogo. Kumbe muda wote huo mteja wa kilo moja alipata haki yake, na mteja wa kilo kumi, ambaye ndiye mwenye harusi au msiba nyumbani, alikuwa akipunjwa. Mama alihuzunika sana kwa kuwa hakujua. Nimefanya kazi ya kupima umbali wa galaksi kwa muda sasa, na mizani ile hainitoki kichwani.

Umbali wa galaksi haupimwi kwa kamba. Tunachopima ni namna mwanga wake ulivyonyooshwa njiani, kwa sababu ulimwengu wenyewe unatanuka huku mwanga ukisafiri. Gesi ya hidrojeni hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, nanomita ikiwa sehemu ya bilioni ya mita. Ukiupokea ukiwa na nanomita 984, umenyooshwa mara moja na nusu. Hapo tunasema mhamo mwekundu wa galaksi hiyo ni 0.5. Vesto Slipher alianza kupima mihamo ya namna hii mwaka 1912 huko Arizona, Marekani, na mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo mhamo wake unavyokuwa mkubwa.

Kuupima mhamo vizuri unahitaji spektra, yaani kuuchambua mwanga wa galaksi moja katika vipande maelfu. Ni kazi ya gharama. Chombo cha DESI, kilichofungwa kwenye darubini ya Mayall huko huko Arizona, kina nyuzi 5000 za kioo, kila uzi ukielekezwa na roboti yake kwenye nukta moja ya anga. Hata hivyo galaksi hafifu zinakishinda. Galaksi hafifu inaweza kudai saa nyingi za darubini kubwa, nasi tunazo mamilioni kwa mamilioni.

Naomba taa zizimwe, ibaki hii moja ya mbele. Dada uliyevaa kanga ya buluu na nyekundu, tafadhali simama hapa mwangani. Nanyi wa safu ya mbele, shikeni hizi plastiki nyekundu, mtazame kanga kupitia plastiki. Buluu imekuwaje? Naam, imekuwa nyeusi. Na nyekundu bado inang'aa. Sasa chukueni plastiki ya buluu. Mambo yamegeuka. Hamkuchambua mwanga katika vipande elfu, mmetumia vichujio viwili tu, na tayari mna habari fulani kuhusu rangi za kitambaa. Asante, dada.

William Baum alifanya hivyo kwa galaksi kwenye darubini ya Palomar, miaka ya 1950 kuelekea 1960, kwa vichujio tisa. Galaksi yenye nyota za zamani ina ngazi katika mwanga wake karibu na nanomita 400: upande wa buluu mwanga unashuka ghafla. Galaksi ikiwa mbali, ngazi hiyo inahamia kwenye wekundu. Mhamo ukiwa 0.5 utaikuta kwenye nanomita 600, ukiwa 1 utaikuta kwenye 800. Basi unatazama ni kati ya vichujio gani viwili mwanga umeanguka, na unakisia umbali.

Ni kisio, na kisio hukosea vibaya. Hidrojeni nayo ina ngazi yake, kwenye nanomita 121.6, katika mwanga ambao jicho haliuoni. Kwa galaksi yenye mhamo wa 3, ngazi hiyo inafika karibu nanomita 486. Galaksi ya jirani yenye mhamo wa 0.2 ina ngazi yake ya 400 iliyofika 480. Kwa vichujio vyetu hizo mbili ni mapacha. Lakini mwanga wa ile ya jirani umesafiri kama miaka bilioni 2.5, na wa ile ya mbali zaidi ya bilioni 11.

Nichukue mradi mmoja ninaoufuatilia kwa karibu: KiDS, uliopiga picha kwa darubini ya VST yenye kioo cha mita 2.6 kwenye mlima wa Paranal, Chile. Jirani yake pale mlimani, darubini ya VISTA, iliongeza vichujio vya mwanga infraredi, ulio ng'ambo ya wekundu na usioonekana kwa jicho, jumla vikawa tisa. Anga iliyopigwa picha ni takriban digrii za mraba 1350, na ukanda wake wa kaskazini unafuata ikweta ya mbingu, ile ile inayopita karibu na utosi wetu hapa. Lengo ni kupima mata ya giza, ile isiyotoa mwanga wowote. Graviti yake, yaani nguvu yake ya uvutano, hupinda mwanga unaopita, na sura ya galaksi iliyo nyuma inapotoka kidogo mno. Ukikusanya sura za mamilioni ya galaksi, unapata namba inayoitwa S8, inayosema ulimwengu una mabonge kiasi gani, kama uji: umelainika au umeganda madonge madonge.

Sikilizeni hapa, maana wengi hukosea. Kwa kazi hii hatuhitaji umbali sahihi wa kila galaksi. Tunazigawa katika makundi machache, za karibu, za kati, za mbali, na tunachohitaji kujua kwa usahihi mkubwa ni wastani wa kila kundi na jinsi galaksi zake zilivyotawanyika. Kosa la galaksi moja linamezwa na wingi. Kosa la wastani halimezwi na chochote, hata uongeze galaksi bilioni. Ukidhani kundi liko mbali kuliko lilivyo, utatarajia sura zipotoke zaidi. Ukikuta zimepotoka kidogo, utatangaza kwamba ulimwengu hauna mabonge ya kutosha, kumbe ulimwengu hauna kosa, mizani ndiyo yenye kosa.

Mawe yetu ya mizani ni zile galaksi chache zenye spektra. Na mawe yote tuliyo nayo ni mepesi! Galaksi zenye spektra ni angavu, zile ngumu ni hafifu, na hakuna anayetuhakikishia kwamba hafifu zinafuata kanuni ya angavu. Ni kilo moja inayopitisha kilo kumi.

Njia ya kwanza ya kujinasua ni ya mafungu. Mama hakuuza nyanya zikiwa lundo. Alizipanga, ngumu huku, zilizoiva sana kule. Teuvo Kohonen wa Finland alibuni miaka ya 1980 aina ya programu inayopanga vitu hivyo bila kufundishwa. Mwaka 2015 Daniel Masters na wenzake waliitumia kwa galaksi: ipe rangi za kila galaksi, nayo inazitandaza kwenye ramani ya vyumba maelfu, zenye rangi moja chumba kimoja. Kisha unatazama chumba kwa chumba: humu kuna jiwe? Kuna galaksi yenye spektra? Penye jiwe unahakiki. Vyumba vitupu walivifuata kwa darubini za Keck huko Hawaii, wakipima hasa zile zilizokosekana. Na watu wa KiDS walikata shauri ambalo naliheshimu sana: galaksi iliyo katika chumba kisicho na jiwe iliondolewa kwenye hesabu. Ulizipata kwa miaka ya usiku wa Chile, na unaziacha kwa sababu huwezi kuzisemea.

Njia ya pili haitazami rangi kabisa. Umeingia kwenye ukumbi wa harusi, hujui nani ni wa upande gani, ila unawafahamu mashangazi watatu wa bwana harusi. Tazama walipokaa. Watu waliojazana kuwazunguka, kuliko inavyotokea kwa bahati, wengi wao ni wa upande ule. Galaksi nazo hukaa kwa makundi. Unachukua zenye umbali unaojulikana, unahesabu zisizojulikana zilizosongamana karibu nazo angani, na unarudia kwa kila umbali. Uzuri wake ni kwamba mashangazi wanaweza kuwa angavu na wageni wakawa hafifu, haidhuru.

Basi tazameni kilichotokea. Uchambuzi wa KiDS uliochapishwa mwaka 2021 ulitoa S8 ya 0.759. Setilaiti ya Planck, kwa kusoma mwanga wa mwanzo kabisa wa ulimwengu, ilitoa karibu 0.83. Watu waliandika makala nyingi mno kuhusu pengo hilo, wengine wakitaka fizikia mpya. Mwaka 2025 ukaja uchambuzi wa mwisho wa KiDS, na namba ikawa 0.815. Pengo na Planck likabaki dogo, la kawaida ya vipimo. Waandishi wenyewe walieleza kwamba badiliko hilo lilitokana hasa na uhakiki bora wa umbali, pamoja na eneo jipya la anga na usafishaji bora wa picha. Mimi nilipoisoma nilikaa kimya muda mrefu. Sisemi kwamba kila swali limekwisha. Nasema nilimwona ofisa yule mwenye subira, akipandisha mawe.

Darubini ya Rubin, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025 kutoka mlima wa Cerro Pachón, Chile, itahesabu galaksi kwa mabilioni kwa vichujio sita. Wanasayansi wake wamejiwekea sharti: baada ya miaka kumi, wastani wa kila kundi usikosee zaidi ya 0.001, ukizidisha kwa moja jumlisha mhamo. Kwa galaksi zilizo hafifu hivyo, mawe hayo hayajapatikana.

Data za KiDS ziko wazi kwa umma. Za DESI, awamu ya kwanza, zilifunguliwa Machi 2025, zaidi ya milioni 18 za spektra. Kesho saa nane mchana, chumba cha kompyuta, kila wawili kompyuta moja. Tutachukua kipande kidogo cha ukanda ule wa ikweta, tutapanga mafungu kwa rangi, kisha tutaweka mawe ya DESI chumba kwa chumba. Msiniletee vyumba vilivyojaa. Nileteeni orodha ya vile vitupu, na rangi za galaksi zilizomo.