Wazee wa Maine na swali la ngazi

Wazee wetu shikamooni, na wengine hamjambo.

Sensa ya 2020 iliikuta Maine ikiwa na umri wa kati wa miaka 45.1, yaani nusu ya watu wako juu ya hapo na nusu chini. Hakuna jimbo lililoipita. Marekani nzima ilikuwa 38.8, na Utah 31.3. Ninyi mnaotunza wazee majumbani mwao mlikwisha kuliona hilo.

Lakini umri pekee haumsaidii anayepanga huduma. Mzee wa miaka 80 anayejipasulia kuni na mwenzake wa 70 asiyeweza kupanda ngazi hawahitaji msaada ule ule. Tofauti yao inaonekana katika utafiti wa kaya wa Ofisi ya Sensa, unaopelekwa kwenye anwani takriban milioni 3.5 nchini kila mwaka. Dodoso linauliza: je, mtu huyu anapata shida kubwa kutembea au kupanda ngazi? Kwenda peke yake kwa daktari au dukani? Kaya ina magari mangapi? Nyumba inapashwa joto kwa kutumia nini? Yaweke majibu hayo pamoja, utajua ni wazee wangapi wanaoishi peke yao, hawana gari, na wanategemea lori la mafuta liwafikie Januari theluji ikiwa imejaa barabarani. Hapo ndipo takwimu zinapoanza kuwa na faida.

Tahadhari moja. Portland, kwa kuwa inavuka watu 65,000, hupata makadirio ya kila mwaka. Wilaya ya Piscataquis ilikuwa na watu 16,800 tu mwaka 2020, kwa hiyo majibu ya miaka 5 huunganishwa ndipo yatolewe. Ukilinganisha 2015–2019 na 2016–2020 ukatangaza kwamba wazee wameongezeka, umepotosha watu, maana miaka 4 ni ile ile. Usiache kutazama pia kiwango cha kukosea kilichoandikwa kando ya kila kadirio, yaani kiasi ambacho idadi halisi inaweza kuwa juu au chini ya kadirio hilo. Wilaya ndogo hukibeba kikubwa mno.

Fomu ikikufikia, nakusihi uijaze. Mtumishi wa Sensa akifichua majibu yako anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini hadi dola 250,000. Na bibi aliyetoka Bukavu, ambaye atakaa kwako zaidi ya miezi 2, mwandike hata kama hayumo kwenye mkataba wa nyumba. Usipomwandika, magoti yake hayataingia kwenye hesabu ya wasioweza ngazi.