Podikasti: Hikaru, Misa, Minmay na ile injini iliyopotea Pluto

ZAI: Mambo vipi wadau, karibuni tena, mimi Zai, na huyu hapa pembeni yangu anayetafuna karanga kwenye maiki ni Juma.

JUMA: Nimeshamaliza. Salama jamani. Leo ndo leo, maana toka tuseme tunaenda Macross voisi noti zimejaa, watu wanatukanana kwa ajili ya wasichana waliochorwa mwaka 1982.

ZAI: Kwa wasioijua kabisa, Macross ni anime ya anga, imeanza kuruka Japani Oktoba 1982, ikaisha Juni 1983, episodi 36. Meli ya kigeni inaanguka duniani 1999, watu wanaikarabati miaka kumi, siku ya uzinduzi wenye uadui na ile meli wanatokea, vita vinaanza. Na katikati ya vita kuna kijana rubani, Hikaru, hajui anampenda nani kati ya Misa, ofisa wa meli, na Minmay, binti mwimbaji. Spoila zipo, tena nyingi, usije kulalamika baadaye.

JUMA: Imekaa miaka arobaini na, spoila gani tena.

ZAI: Sasa mimi nianze na kero yangu. Mapenzi ya hii anime nayakubali, ila fizikia yake jamani. Ile meli ina urefu wa kilomita moja na kitu, inapaa mara ya kwanza kwa mitambo ya kuzuia graviti, na ile mitambo inachomoka, inatoboa meli kwa ndani inapaa yenyewe angani, meli inabaki chini imekaa kama mtu aliyeachwa na daladala. Nilicheka hadi basi.

JUMA: Lakini si wamefanya makusudi? Binadamu wameokota teknolojia ya wenyewe, hawaijui, wanabonyeza tu. Mimi naona hiyo ndo sehemu ya kweli kuliko zote humo ndani.

ZAI: Haya, hiyo nakupa. Na kwenye kufold, yaani ile kuruka ghafla toka sehemu moja ya anga hadi nyingine, pia nitakupa kidogo, maana wanataka kuruka kwenda nyuma ya mwezi, wanaibukia karibu na obiti ya Pluto, na wamebeba kisiwa, mji mzima, watu maelfu, meli za bahari mbili zimeganda pembeni. Halafu injini yenyewe ya fold imetoweka, haipo, pamebaki uwazi. Kurudi ni mpaka utembee mdogo mdogo.

JUMA: Mdogo mdogo!

ZAI: Ndo tatizo sasa. Wameondoka Februari 2009 kwa kalenda yao, Novemba wako nyumbani. Miezi tisa. Pluto iko kama kilomita bilioni 6 huko, ukigawa unapata zaidi ya kilomita 250 kwa sekunde, wastani, na njiani wamesimama Zohali wakajificha kwenye zile pete, wakasimama na Mirihi. Sisi wa kweli, chombo chetu cha New Horizons kilirushwa Januari 2006 kikapita Pluto Julai 2015, miaka tisa na nusu, na hakikusimama popote, kilipita tu kikapiga picha kikaenda zake. Sasa hiyo meli yenye magari na migahawa ndani inatumia mafuta gani?

JUMA: Dada Zai, umeiangalia Macross au umeikagua?

ZAI: Vyote.

JUMA: Ok sikia basi hoja yangu. Hiyo injini iliyopotea ndo imezaa mapenzi yote. Fikiria, isingepotea wangeenda mwezini wakarudi, Hikaru na Minmay wasingekwama kwenye lile tumbo la meli siku 12, wasingechezea ile harusi ya kuigiza, mji usingejengwa upya ndani ya meli, mgahawa wa kina Minmay usingefunguliwa tena, kusingekuwa na shindano la Miss Macross, na Minmay asingekuwa nyota, angekuwa binti wa kuhudumia wateja. Na pia ile sehemu injini ilikokuwa, nyaya za mzinga mkuu zimekatika hapo, ndo maana meli inabidi ijikunje igeuke roboti ili nyaya zikutane. Meli inageuka roboti kwa sababu kuna kifaa kimepotea, siyo kwa sababu roboti linapendeza.

ZAI: Hiyo kweli naipenda. Na kila ikijikunja mji wa ndani unapinduka, nyumba zinabomoka, watu wanajenga upya.

JUMA: Si ndo hapo, ubunifu wa sayansi wenye gharama. Anime nyingi mitambo ikiharibika inatengenezwa episodi inayofuata na maisha yanaendelea, hapa kitu kikipotea kimepotea.

ZAI: Sawa, tuje kwa Wazentradi, wale maadui. Majitu ya mita 10. Mtu ukimkuza mara 6 kwenda juu, uzito wake unakua mara 216, ila unene wa mfupa, yaani lile eneo la mfupa linalobeba, unakua mara 36 tu. Kwa hiyo kila mfupa unabeba mzigo mara 6 ya kawaida. Akiruka ngazi moja, goti kwisha. Na Britai, kamanda wao mmoja, anatupwa nje kwenye utupu bila helmeti halafu anarudi ndani amekasirika!

JUMA: Britai siyo mtu wa kawaida, Britai ni mwanaume.

ZAI: Acha ujinga.

JUMA: Hahaha. Ila hawa waliumbwa, si wamezaliwa. Waliwatengeneza kwa ajili ya vita, unaweza ukasema mifupa yao ni kitu kingine.

ZAI: Halafu wanaingia kwenye mashine wanatoka wamekuwa saizi yetu, ule uzito mwingine umeenda wapi, sijui. Naacha. Naacha kwa sababu kilichonikamata mimi ni kingine, na hapa ndo tutagombana Juma, maana mimi nasema sayansi ya Macross siyo fizikia hata kidogo. Ni sayansi ya jamii. Hawa watu wamegawanywa, wanaume huku na meli zao, wanawake kule na meli zao, hawajui muziki, hawajui kushona nguo, hawana cha kutengeneza, wanajua kupigana tu na ukiwapa kitu kimeharibika hawawezi kukirekebisha. Swali la anime ni, jamii kama hiyo ikikutana na wimbo inakuwaje?

JUMA: Inazimia.

ZAI: Hapana! Hapo ndo watu wanakosea, wanasema eti Minmay kaimba maadui wakafa. Angalia mtiririko. Kwanza episodi ya 11, Misa na Hikaru na rubani mwenzake Kakizaki wamekamatwa, wako mbele ya Bodolza, mkuu wa Wazentradi, wanaulizwa watoto mnawapataje, na Misa mwenyewe ndo anamwambia Hikaru wabusiane pale pale, wale makamanda wanachanganyikiwa. Halafu kuna wale majasusi watatu, Warera, Loli na Conda, wanapunguzwa saizi wanatumwa kupeleleza mji, wanarudi na mdoli wa Minmay. Wenzao wanauangalia kwa kujificha. Habari inaenea kambini chini kwa chini, askari wanaanza kutoroka wanaomba hifadhi. Kwa hiyo ikifika episodi ya 27, lile jeshi la Britai limeshalegea zamani, na Bodolza anajua, ndo maana anataka kuwafuta na wao pamoja na dunia. Wimbo hauui mtu. Wimbo unawafanya wale wengine wa meli milioni 4.8 wagande dakika chache, na Britai ameshahamia upande wetu. Mizinga ndo inamaliza kazi.

JUMA: Na dunia inakuwa imeshachomwa.

ZAI: Imeshachomwa. Karibu watu wote wamekufa. Yaani wameshinda na hamna pa kurudi. Kwenye anime ya kuuzia watoto midoli!

JUMA: Hapo nakubaliana na wewe, ila nakukatalia kwenye hili la sayansi ya jamii. Unaifanya isikike kama mradi wa utafiti. Mimi naona ni wivu na upweke tu. Wale askari hawajawahi kupendwa, mtu akiona wengine wanapendana anaumia halafu anataka. Huhitaji nadharia.

ZAI: Nadharia ndo hiyo uliyoitaja.

JUMA: Eeh haya. Twende kwenye pembetatu basi, maana ndo watu wamekuja. Timu Misa au Timu Minmay? Mimi Misa, na sitaki mjadala.

ZAI: Mjadala utakuwepo. Mimi Misa pia lakini Minmay anaonewa sana. Binti ana miaka 15 hadithi inapoanza! Hikaru 16. Kwenye voisi noti moja kaka mmoja anasema Minmay alimchezea Hikaru. Alimchezea nini? Hikaru hakuwahi kufungua mdomo. Anakaa anategemea binti atajua. Minmay yuko studio, anafanya shoo, ana binamu yake Kaifun anamzonga kila saa, wewe unasubiri asome mawazo yako.

JUMA: Lakini yeye kila akiwa na shida anampigia Hikaru. Akiwa na raha hapatikani.

ZAI: ...Hiyo kweli ipo.

JUMA: Ipo! Na Misa angalia walivyoanza, wanagombana redioni. Yeye yuko kwenye chumba cha uongozaji anawapa marubani amri, Hikaru kamuita bi mkubwa, binti wa watu ana miaka 19. Ni sauti kwanza, sura baadaye. Na ukiniuliza mimi hilo ni penzi la anga kweli kweli, maana kule nje hamna hewa, hamna sauti, kitu pekee unachomsikia mwenzio ni redio. Marubani wote maisha yao yako kwenye sauti ya Misa. Halafu Mirihi, ile kambi ambako mpenzi wake wa zamani alifia, anajifungia kwenye chumba cha marehemu anataka afe naye, nani anaenda kumtoa? Hikaru, huku anatukanwa.

ZAI: Mimi ninachokiona, na sijasikia mtu anakisema, wote wawili ni sauti za redio. Misa ni redio ya amri, Minmay ni redio ya burudani. Na silaha inayomshinda Bodolza ni matangazo. Wimbo unarushwa kwenye masafa yao, meli zinapokea. Kwa hiyo wale wanaosema sauti haisafiri kwenye utupu, hapo Macross haina kosa kabisa.

JUMA: Eh! Leo umeitetea.

ZAI: Nikiona haki naitoa. Na filamu yao ya 1984 imelikaza zaidi hilo, Misa ndo anakuta maneno ya wimbo wa kale kwenye magofu na kuyafungua, Minmay ndo anaimba, Hikaru ndo anambembeleza aende akaimbe wakati moyo wake umevunjika. Na wimbo wenyewe wa kale, siri ya watu walioumba majitu yote, ni wimbo wa kawaida tu wa mapenzi wa enzi zao. Ukitoa mmoja kati ya wale watatu dunia inakwisha.

JUMA: Filamu ni nzuri ila mimi mtu wa zile episodi tisa za mwisho, baada ya vita.

ZAI: Zinachosha! Ziliongezwa kwa sababu kipindi kilipendwa, na inaonekana. Hikaru anaenda huku anarudi kule, Misa anamsafishia nyumba, huyu anatoka kwenda kuonana na Minmay, nilitaka kuivunja laptopu.

JUMA: Ndo uhalisia. Vita vimeisha, hamna jiji, hamna kazi, Wazentradi wengine wameshindwa maisha ya kiraia wanatamani vita, Kaifun amekuwa mlevi anamburuza Minmay kuimba kwenye kumbi tupu. Na mapenzi nayo yamechoka hivyo hivyo. Ulitaka waoane episodi ya 28?

ZAI: Max, rubani mwenzake Hikaru, na Milia, rubani wa Wazentradi, walioana haraka na nilifurahi. Milia kaja kumuua, wamepigana visu kwenye bustani, kashindwa, kaambiwa nioe... niolewe... kaambiwa tuoane, kakubali. Imeisha hiyo.

JUMA: Na kwenye Macross 7, ule mwendelezo, wametengana, kila mtu kwake, baba kapteni wa meli, mama meya wa mji. Na watoto kibao. Haraka yao hiyo.

ZAI: Ukaniwekea hiyo mfukoni muda wote.

JUMA: Nilikuwa naisubiri. Na Macross Frontier ya 2008, mwendelezo mwingine? Haraka haraka maana muda.

ZAI: Frontier wamejaribu kulifanya penzi liwe fizikia kabisa, wale wadudu Vajra wanawasiliana kwa mawimbi ya fold, Ranka, mwimbaji mmoja, anaimba mawimbi yale, Sheryl, mwimbaji mwingine, anaugua kutokana na hayo hayo. Mimi naona wamelielezea mno. Minmay hakuwa na kitu chochote kwenye damu, alikuwa na kipaji na bahati mbaya. Na Alto, rubani wao, kwenye tivii hakuchagua mtu, tukasubiri hadi filamu ya 2011.

JUMA: Sheryl. Alichagua sawa.

ZAI: Timu Ranka mtamjibu wenyewe, namba mnayo.

JUMA: Kabla hatujafunga, jambo moja ambalo mimi huwa linanikosesha usingizi. Kwenye historia yao rasmi, mwaka 2012 meli ya wahamiaji Megaroad-01 inaondoka, kapteni ni Misa, Hikaru yumo. Na Minmay yumo. Halafu 2016 inapotelea huko karibu na katikati ya galaksi, mawasiliano yakakatika.

ZAI: Wote watatu meli moja?

JUMA: Meli moja.

ZAI: Hiyo siyo ajali ya fold, Juma. Hiyo mtu kazima redio makusudi.

JUMA: Nani kazima?

ZAI: Misa ndo kapteni! Haya wadau, tutumieni voisi noti, zisizidi dakika moja, kuna dada wiki iliyopita katuma ya dakika kumi na moja na nusu yake yuko sokoni anapatana bei ya nyanya. Wiki ijayo Juma anataka tuzungumzie Gundam, mimi bado sijakubali.