Kukaa Pamoja Hakutoshi

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, wafanyakazi, nanyi wanafunzi: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wajigawe katika vikundi vya watu watano. Hazikupita dakika tatu wakawa wamemaliza. Nilipopita kati ya meza nikasikia kila kikundi kina lugha yake. Hakuna aliyemfukuza mwenzake, wala hakuna aliyenuna. Kila mmoja alikwenda tu kwa watu ambao halazimiki kujieleza mbele yao. Siwalaumu, ugenini mtu hutafuta pa kupumulia. Kosa lilikuwa langu mimi mwalimu, niliyedhani kwamba chumba kitafanya kazi iliyokuwa yangu.

Nasi kama chuo hufanya kosa hilohilo. Tunapokea vijana wa makabila, dini na nchi mbalimbali, tunawahesabu, tunawaandalia siku moja ya tamaduni kwa mwaka. Ngoma zinachezwa, picha zinapigwa, na kesho yake kila mtu amerudi kwenye meza yake ya zamani. Sizibezi sherehe hizo. Mwanafunzi anayeona vazi la kwao likitazamwa kwa heshima hupata nguvu ya kuinua kichwa. Ila kutazamana hakujawa kuelewana.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 kambini katika jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa na umri wa miaka 11 hivi, na hawakuwa wakifahamiana. Waligawanywa makundi mawili, kisha wakashindanishwa kwa zawadi. Haukupita muda wakawa wanatukanana na kuvamiana mabandani. Watafiti wakajaribu kuwapatanisha kwa kuwakutanisha: wale chakula katika chumba kimoja, watazame filamu pamoja. Wakaishia kurushiana chakula. Kilichopunguza uhasama ni shida zilizowagusa wote, ambazo watafiti walizipanga wenyewe. Maji ya kambi yakakatika, ikabidi wayatafute pamoja. Lori likagoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba, wa kundi hili na wa kundi lile bega kwa bega. Kuwachochea watoto wapigane ni jambo ambalo leo tusingelikubali, na ni haki tusilikubali. Lakini kile chumba cha chakula hakinitoki akilini, kwa sababu nakiona katika bwalo letu kila mchana.

Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, alieleza ni lini kukutana kunapunguza chuki: watu wawe na hadhi sawa katika jambo wanalolifanya, wawe na lengo moja, washirikiane badala ya kushindana, na wenye mamlaka waliunge mkono. Watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti 515 na kuchapisha matokeo mwaka 2006, waliona kwamba kukutana kwenyewe husaidia kwa kawaida, na husaidia zaidi pale masharti hayo yanapokuwepo.

Mimi nashikilia lile la hadhi sawa, maana ndilo tunalolikosea kwa nia njema. Mara ngapi darasani tumemgeukia mwanafunzi mmoja tukamuuliza, "Ninyi huko kwenu mnalionaje hili?" Swali linaonekana la heshima. Kwa anayeulizwa ni mzigo: umri wake miaka 20, na ghafla anatakiwa awe mdomo wa mamilioni. Mwenzake aliyeketi pembeni huulizwa anafikiri nini yeye, kama yeye. Muulize na huyu hivyohivyo. Akitaka kuzungumzia kwao, atazungumza.

Jina nalo lina uzito wake. Nakiri hapa mbele yenu kwamba niliwahi kukaa wiki kadhaa bila kumwita mwanafunzi mmoja, kwa kuogopa kulikosea jina lake. Nilijiambia namsitiri. Kumbe nilikuwa nikimfundisha kila siku kwamba hayupo. Siku nilipomwomba anifundishe kulitamka, alilirudia mara tatu, polepole, akitabasamu. Mwezi huo ndipo aliponyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

Ombi langu kwa wakuu wa idara ni moja: kazi za vikundi zipangwe na mwalimu, na zipangwe kwa namna ambayo hakuna anayeweza kumaliza bila wenzake. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianza kufanya hivyo mwaka 1971 huko Austin, Texas, katika shule zilizokuwa zimeacha ubaguzi wa rangi juzijuzi tu. Kila mtoto katika kikundi alipewa kipande chake cha somo, na wengine hawakuwa na njia ya kukipata ila kwa kumsikiliza. Aliyekuwa akidharauliwa akawa anahitajiwa.

Muhula huu nimejaribu hilo. Vikundi nimevipanga mimi, vitadumu wiki nane, na kila mwanafunzi ana kipande ambacho wenzake hawana. Wiki ya kwanza kimya kilikuwa kizito, na wawili walikuja ofisini kuomba wahamishwe. Niliwaomba wavumilie. Wiki ya nne nikawakuta, wao na wenzao watatu, wamelizunguka jedwali lao wakibishana kwa sauti juu ya safu ya mwisho, na kipindi kilikuwa kimekwisha tangu nusu saa.