Giza Lenyewe Haliunguzi Nyumba

Mabibi na mabwana, wazee wetu na vijana mliofika, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie hitilafu za nyumbani, nami nimechagua mbili ambazo ukizitazama hazina undugu wowote: umeme kukatika, na panya kuingia ndani ya gari. Nimeziweka pamoja kwa sababu zina tabia moja. Hitilafu yenyewe huwa ndogo. Kinachounguza nyumba, kinachoua friji, kinacholaza gari gereji na wakati mwingine kinachomlaza mtu kaburini, mara nyingi ni kile tulichokifanya wenyewe baada ya hitilafu kutokea. Giza haliunguzi nyumba. Mshumaa uliosahaulika karibu na pazia ndio unaoiunguza, na tochi ya bei ndogo ingetosha.

Tuanze na umeme. Taa zikizimika, swali la kwanza ni hili: umekatika kwangu tu, au mtaa mzima? Chungulia nje. Kama majirani wana mwanga, tatizo liko ndani kwako, nenda kwenye swichi kuu na breka. Ukiikuta breka imeshuka, irudishe mara moja tu. Ikishuka tena usishindane nayo. Chomoa vifaa vyote, irudishe, kisha chomeka kimoja baada ya kingine mpaka umjue mkorofi. Ikishuka hata kama hakuna kilichochomekwa, mwite fundi umeme. Na nawasihi sana, pasiwe na mtu anayebadilisha fyuzi kwa kuweka waya mnene kuliko uliokuwapo. Fyuzi imewekwa iungue kwanza ili nyaya za ukutani zisiungue. Ukiifanya nene, umechagua ukuta uwake.

Kama ni mtaa mzima, zima na chomoa vile vinavyotoa joto: pasi, hita, jiko la umeme. Umeme hauna saa ya kurudi. Unaweza kurudi usiku wa manane umelala, au umeondoka, na pasi iko juu ya nguo palepale ulipoiacha. Acha taa moja imewashwa ikupe habari.

Sasa friji. Watu hukimbilia kuifungua waone kama vitu bado vina baridi, na kila ukifungua, ile baridi unayoililia inakumwagikia miguuni, maana hewa baridi ni nzito. Friji isiyofunguliwa hushikilia baridi salama kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu hufika saa 24, kwa sababu vilivyoganda ndivyo vinavyopoza vyenzake. Mwenye friza yenye nafasi aijaze chupa za maji zigande, asizijaze mpaka mdomoni zisije zikapasuka. Kikomo cha kukumbuka ni nyuzi 4 za joto. Nyama, samaki, maziwa au chakula kilichopikwa, kikikaa juu ya hapo kwa zaidi ya saa 2, kitupwe hata kama hakinuki. Vijidudu vinavyoleta ugonjwa si lazima vilete harufu, na vingine huacha sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Najua inauma kutupa. Lakini kuharisha kwa mtoto mdogo kunauma zaidi.

Na kama ulikuwa safarini, utajuaje kilichotokea? Kabla hujaondoka, gandisha maji kwenye kikombe, uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, basi kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya.

Mama mmoja amenifuata kabla hatujaanza, akaniuliza kuhusu insulini. Swali zuri, na nimemwomba ruhusa nilijibu mbele yenu. Insulini ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyokwisha kufunguliwa, aina nyingi hustahimili joto la kawaida la chumba kwa wiki 4 hivi, na karatasi iliyomo kwenye boksi lake ndiyo inayokwambia kikomo cha aina yako. Kwa hiyo umeme wa kukatika jioni moja si wa kukutia hofu. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu waibane insulini katikati ya vipande vya barafu wakidhani wanaiokoa. Ikiganda, imeharibika. Hata ikiyeyuka, usiitumie.

Friji nayo ichomoe umeme ukikatika, na ukirudi, ipe dakika 5 kabla ya kuichomeka. Ndani yake kuna kompresa inayosukuma gesi, na inapozimika ghafla, upande mmoja hubaki na shinikizo kubwa. Ukiiwasha papo hapo, mota inasukuma mzigo ambao bado umekaza. Haizunguki, inavuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida, na koili zake zinapata moto mpaka zinaungua. Ndiyo maana umeme unaorudi na kukatika mara tatu ndani ya dakika moja unaweza kuumiza friji kuliko giza la siku nzima.

Jenereta. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokufa. Moshi wa jenereta una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi kile mwili unachokihitaji. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kichefuchefu, miguu inalegea. Mtu anadhani ni uchovu wa siku, anajilaza, haamki. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka mlango na dirisha lolote, mdomo wa moshi ukielekea mbali na nyumba. Baraza lililozungushiwa ukuta si nje. Gereji iliyoachwa wazi si nje. Nalirudia hili kwa sababu wanaoweka jenereta ndani si wajinga. Wanaogopa mvua, wanaogopa wezi, na kila mmoja anaamini kwamba dirisha lililofunguliwa kidogo linatosha. Halitoshi.

Jiko la mkaa ni hivyo hivyo. Mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, watu huuingiza chumbani wakiamini sasa ni salama. Moshi umeisha, gesi haijaisha. Na ukimkuta mtu amelegea ndani ya chumba cha namna hiyo, mtoe nje kwanza, ndipo umhudumie na kuomba msaada. Ukibaki ndani kumpepea, mtakuwa wagonjwa wawili.

Kuna jambo jingine la jenereta ambalo mafundi wa laini wanalihofia kila siku wanapopanda nguzo. Mtu anatengeneza waya wenye plagi mbili za kiume, upande mmoja anachomeka kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima inawaka. Anafurahi. Asichokijua ni kwamba umeme huo unatoka pia kupitia mita yake kwenda mtaani. Transfoma ya mtaani inafanya kazi pande zote mbili: kama inavyoshusha maelfu ya volti kuwa 230 za nyumbani, ndivyo inavyozipandisha hizo 230 kuwa maelfu ya volti zikiingia kwa mlango wa nyuma. Kule juu yuko mtu ameshika waya alioambiwa umezimwa. Yeye ana watoto kama wewe. Njia halali ni swichi ya kubadilishia, inayofungwa na fundi aliyesomea, ambayo haiwezi kuunganisha jenereta kabla haijaikata laini. Kama hunayo, chomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa waya imara, na inatosha.

Betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, hazina moshi, lakini betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo ziwekwe mahali penye hewa na pasipo na moto.

Tuhamie kwa panya. Nimewaona baadhi yenu mkitikisa kichwa nilipolitaja gari, na ninaelewa kwa nini.

Panya haingii garini kwa sababu ya uchafu peke yake. Gari lililopoa nusu nusu lina joto, giza, na vichochoro ambavyo paka hafiki. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6, unene wa penseli, na chini ya gari matundu ya namna hiyo ni mengi. Akishaingia, hutafuna, kwa sababu meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote; asipoyasaga yatamzidi mdomo. Mwaka 2016 wenye magari nchini Marekani waliishtaki Toyota wakidai kwamba nyaya zilizovikwa ganda lenye soya huwaita panya. Mimi sidhani soya ndiyo chanzo, maana magari ya zamani, ya kabla ya maganda hayo, yalitafunwa vilevile. Na Ujerumani kuna mnyama wa jamii ya kicheche, wala si panya, anayeuma mipira na nyaya chini ya boneti kiasi kwamba bima za huko zimemwekea kifungu chake.

Turudi kwa panya mdogo wa nyumbani. Mimba yake ni siku 19 hadi 21, na huzaa watoto 5 au 6, pengine zaidi, ambao wakifika wiki ya 6 nao wako tayari kuzaa. Dalili za mapema ni hizi: punje nyeusi za kinyesi mfano wa mchele, vipande vya karatasi au pamba karibu na injini, harufu ya mkojo ukiwasha feni, upepo wa feni kudhoofika kwa sababu filta ya hewa ya ndani imegeuzwa kitanda. Mara nyingi taa ya injini kwenye dashibodi ndiyo dalili ya mwisho, si ya kwanza. Fungua boneti kabla haijawaka. Matambara na nyasi kavu vikilala juu ya ekzosi yenye moto, au waya mbili zilizovuliwa ganda zikigusana, gari linaweza kuwaka.

Basi mtu ameona dalili, anafanya nini? Anamwaga sumu ndani ya gari. Hii ndiyo hatua ninayoipinga kuliko zote. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na huchukua siku kadhaa kuua. Panya anakula, anajisikia vibaya, anaenda kufia pale alipojisikia salama: nyuma ya dashibodi, ndani ya njia ya feni. Sasa dashibodi nzima inafunguliwa kutafuta mzoga. Na akifia nje, paka au bundi atakayemla anaweza kudhurika naye. Vidonge vya kufukuzia nondo hutoa mvuke ambao abiria ndio wanaouvuta. Vile vifaa vya kupiga sauti isiyosikika na binadamu, tume ya biashara ya Marekani iliwaonya zaidi ya watengenezaji na wauzaji 60 mwaka 2001 kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Mimi sitaweka tumaini langu hapo.

Kinachofanya kazi hakina uchawi. Ondoa kila kinacholiwa, pamoja na makombo chini ya viti na mifuko ya mbegu au chakula cha wanyama iliyowekwa karibu na gari. Tega mtego wa springi, ule ambao William C. Hooker wa Illinois aliupatia hataza mwaka 1894 na ambao umbo lake halijabadilika sana. Utege nje ya gari, pembeni mwa ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya husafiri akipapasa ukuta kwa masharubu. Gari lisilotembea usiku, acha boneti wazi kama mahali ni salama. Mwanga na baridi vinamwondolea sababu ya kuja. Mdomo wa kuingizia hewa uzibwe kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria hufaa kwenye matundu ya ukuta wa gereji. Ekzosi usiizibe kwa kitu chochote. Asubuhi, gonga boneti kabla ya kuwasha. Huenda paka naye amelala humo.

Kusafisha nako kuna hatari yake. Kinyesi na mkojo wa panya, kulingana na aina ya panya na mahali, huweza kubeba vijidudu vya magonjwa: virusi vya hanta, bakteria wa leptospira au virusi vya Lassa. Ukipuliza kwa upepo au kufagia kikavu, unavitia hewani na kuvivuta. Fungua milango yote nusu saa, wewe ukiwa mbali. Vaa glavu. Lowesha kinyesi na kiota kwa klorini ya kusafishia, sehemu moja kwa tisa za maji, usubiri dakika 5, kisha ufute kwa karatasi na kuzitia kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Klorini usiichanganye na dawa nyingine yoyote. Sehemu zenye nyaya, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usimwagie.

Kabla ya kufuta, piga picha. Fundi atataka kuona panya alikaa wapi, na kama bima yako ni kubwa, huenda kampuni ya bima nayo ikaziulizia. Waya uliotafunwa usifungwe tepu na kuachwa hivyo. Ukatwe, uungwe vizuri, uvikwe ganda jipya. Na nyaya za breki na za mifuko ya hewa, ile inayofutuka gari likigonga, si za kujaribia. Taa ya breki au ya mifuko hiyo ikiwaka baada ya panya kupita, gari hilo lisitoke na watoto ndani mpaka fundi afuatilie waya huo mwanzo hadi mwisho.

Nimeuona mkono wa kule nyuma umeinuliwa muda mrefu. Karibu, ndugu yangu, uliza.