Anzeni na Sindano: Kuchagua Amplifaya ya Kusikilizia Santuri Nyumbani

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na ahsanteni zaidi mliobeba sahani zenu ili tuzisikilize baada ya mazungumzo.

Kila anayenipigia simu kuhusu amplifaya huanza na swali lile lile: "Nichukue ya wati ngapi?" Najua linakotoka. Tumezoea sabufa za dukani, boksi limeandikwa wati 3000 kwa herufi kubwa na pembeni yake PMPO. Herufi hizo nne hazina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinahesabu kinavyotaka. Ukiuliza wati, uliza za RMS, yaani zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo bila kuchoka. Lakini wati tuziweke kando kwanza. Nawaomba tuanzie upande wa pili kabisa, kwenye sindano.

Sindano ikipita kwenye mfuo wa sahani hutikisika, na katriji, kile kijisanduku kinachoishika sindano, inageuza mtikisiko huo kuwa umeme. Ni umeme mdogo mno. Katriji ya sumaku ya kawaida, mfano Ortofon 2M Red, hutoa milivolti 5.5. Mashine ya CD hutoa volti 2 hivi, zaidi ya mara 350 ya hizo. Ndiyo maana mtu akichomeka mashine ya santuri kwenye tundu la AUX anasikia muziki kama unatoka nyumba ya jirani, mwembamba, hauna besi, akadhani sahani za marehemu baba yake zimekufa. Hazijafa. Zimechomekwa pasipo pao.

Na udogo wa umeme ni nusu tu ya habari. Sauti iliyochongwa kwenye sahani siyo ile iliyopigwa studio. Besi ingechongwa kama ilivyo, mfuo ungeyumba kwa upana hadi nyimbo zisienee, na sindano ingerukaruka. Kwa hiyo wachongaji hupunguza besi kabla ya kuchonga, na sauti nyembamba za juu huziongeza. Tangu 1954 viwanda vilianza kufuata kanuni moja, ile ya RIAA, chama cha makampuni ya santuri cha Marekani. Ukilinganisha na sauti za katikati, besi ya hezi 20 (hezi ni mitikisiko kwa sekunde) huchongwa ikiwa chini kwa desibeli 19 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na sauti ya hezi 20,000 ikiwa juu kwa desibeli karibu 20. Amplifaya inatakiwa irudishe kila kitu mahali pake: iinue besi, ishushe zile za juu. Na hapa pana uzuri ambao sijauchoka miaka yote hii. Ikishusha sauti za juu, inashusha pamoja nazo ule mvuvumo wa sahani yenyewe. Muziki unarudi kwenye kimo chake, kelele inabaki chini.

Kazi hiyo yote hufanywa na sehemu inayoitwa fono. Amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 karibu zote zilikuwa na tundu la PHONO nyuma. CD ilipotawala, viwanda vingi vikaliondoa. Siku hizi linarudi, lakini usidhani lipo, geuza mashine utazame. Kama umeshaipenda amplifaya isiyo na fono, si mwisho wa safari. Kuna visanduku vya fono vinavyouzwa peke yake, mfano Pro-Ject Phono Box, unakiweka katikati ya mashine ya santuri na AUX.

Utaona pia herufi MM na MC. Ni aina za katriji: kwenye MM, ile ya kawaida niliyoitaja, kinachotikisika ni sumaku, kwenye MC ni koili ya waya. Katriji za MC hutoa umeme mdogo zaidi, nyingi hazifiki hata milivolti 1, na zinahitaji kukuzwa kama mara 1000, wakati MM inatosheka na mara 100. Ushauri wangu kwa anayeanza ni MM, na sisiti kuutoa. Sindano yake ikiisha unaichomoa kwa vidole na kuweka mpya. MC nyingi huwezi, unabadili katriji nzima, na fono yake ni ghali.

Wenye zile redio kubwa za mbao za wazee, zenye santuri ndani: mara nyingi katriji yake ni ya seramiki. Hiyo hutoa umeme mwingi na haihitaji fono, ukiipeleka huko sauti itapasuka. Lakini mkono wake hukandamiza sana, unakula mifuo. Itunzeni kama kumbukumbu, sahani nzuri zipigwe kwingine.

Sasa tuje sokoni. Wengi wetu tutanunua mtumba, na mtumba mzuri wa Japani ni mali. Lakini miaka kadhaa iliyopita nilinunua amplifaya ya Kijapani, safi, vifundo vinang'aa, nikaipakata njia nzima hadi nyumbani. Nikaichomeka ukutani. Ilichukua sekunde chache, harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Kibati cha nyuma kilisema hivyo wazi kwa maandishi madogo, aliyeniuzia hakunitajia, nami sikuinama kusoma. Transfoma yake sikuipata tena popote. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, someni kibati. Kikisema 100, au 120 kama zinazotoka Marekani, mtahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine, na gharama yake muihesabu kwenye bei.

Na msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba iwashwe. Iache nusu saa, maana kuna ubovu unaojificha mashine ikiwa baridi. Zungusha kifundo cha sauti taratibu. Kikikwaruza kidogo si neno, fundi atakisafisha kwa dawa ya kupuliza. Chagua PHONO bila sahani kupigwa, ongeza sauti. Mvuvumo mwembamba kama mvua ya mbali ni wa kawaida. Mngurumo mzito unaoendelea si wa kawaida, ila kwanza hakikisha ule waya mwembamba wa mashine ya santuri umefungwa kwenye skrubu ya GND, yaani ya ethi. Waya huo mmoja umewafanya watu wauze amplifaya nzima kwa hasira. Kama una fundi mwenye mita, apime volti ya moja kwa moja (DC) kwenye matundu ya spika pasipo muziki. Ikiwa chini ya milivolti 50, lala salama. Ikiwa volti nzima, usiunganishe spika zako. Sisi wa pwani tuangalie pia kutu kwenye jeki za nyuma, chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Za vali, zile zinazowaka mwanga wa chungwa, ni nzuri na zina joto la tanuri. Kama sebule yako haina kiyoyozi, subiri kwanza.

Wati, niliahidi. Spika ya kawaida ya nyumbani hutoa desibeli 88 hivi kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Kutoka wati 20 kwenda 40 sikio lako linaona badiliko dogo, mfuko wako unaona kubwa. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya ndogo, NAD 3020, ya wati 20 kila upande, yenye fono nzuri ndani, na hadi leo watu wanaitafuta. Kwa sebule ya mita nne kwa tano, wati 20 za kweli zinaamsha jirani. Linganisha tu omu, kipimo cha ukinzani kilichoandikwa kwenye spika na kwenye mashine: spika za omu 4 zisiende kwenye mashine iliyoandikwa 8.

Nimebakiza kitu ambacho wauzaji hawakitaji. Kitufe cha MONO.

Sahani nyingi tulizonazo ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizochapwa Nairobi miaka ya 1960 na 1970, za bendi za kule na za bendi zetu za Dar, Tanga na Morogoro. Nyingi ni mono, yaani sauti ni ile ile kushoto na kulia, tofauti na stereo. Zimecheza baa, zimecheza harusini, zimekopeshwa mpaka zikasahau kwao. Mfuo wa mono huitikisa sindano kushoto na kulia tu. Vumbi na mikwaruzo huitikisa juu na chini vilevile. Katriji ya stereo inasoma yote mawili, na yale ya juu na chini inayatoa spika ya kushoto na ya kulia kwa kupingana. Ukibonyeza MONO pande mbili zinajumlishwa, yanayopingana yanafutana, na muziki uliokuwa sawa pande zote unabaki mzima. Kwangu mimi, kwa sahani hizi, kitufe hicho kina thamani kuliko wati 50 za ziada. Vifundo vya besi na trebo navyo navihitaji, ingawa wapo wataalamu wanaotaka viondolewe ili sauti ibaki safi. Sahani ambayo trebo yake imekwanguliwa kwa miaka 50 inahitaji msaada.

Hii hapa ni sahani ya mjomba, ina mkwaruzo tangu pembeni hadi kwenye lebo. Nitaanza bila kitufe. Msikilize gitaa la pili, lile la nyuma, mniambie kama mnalisikia. Kisha nitabonyeza.