Rufaa ya Bi Hawa ilitupwa: mhadhara kwa wanafunzi wa sheria juu ya kutumia maktaba

Ndugu wanafunzi, habari za asubuhi. Naomba nianze na mama mmoja ambaye jina lake halikosekani kwenye insha zenu za sheria ya ndoa: Bi Hawa Mohamed.

Kila muhula nasoma rasimu zinazoletwa kwenye meza yetu ya huduma hapa maktabani, na karibu zote zinasema Bi Hawa alishinda kesi yake dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983. Nikimuuliza mwenye rasimu alishinda nini, ananijibu kwamba alipata mgawo wa nyumba kwa sababu Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema wazi kwamba mke anayepika, anayelea na anayetunza nyumba anachangia kupatikana kwa mali, na hivyo anaangukia ndani ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kile kinachohusu mgawanyo wa mali ndoa inapovunjika. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika juu ya jambo hilo. Uamuzi ule ulibadilisha maisha ya wanawake wengi sana wa nchi hii.

Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Mahakama iliangalia fedha ambazo mumewe alikuwa amempa kwa ajili ya mradi wa familia, ikaona amezitumia zikaisha bila mradi kusimama, ikazihesabu kuwa ndiyo sehemu yake. Kanuni ikabaki kwa wanawake wenzake. Yeye akaondoka bila kitu.

Haya hamtayapata kwenye madesa. Yako kwenye hukumu yenyewe, na hukumu iko kwenye rafu hapo nyuma yenu. Mnaponakili [1983] TLR 32 kutoka daftari la mwenzenu, jueni mmeshika anwani ya mahali: mwaka wa juzuu, jina la ripoti, ambalo hapa ni Tanzania Law Reports, na ukurasa unakoanzia. Nendeni kwenye anwani hiyo mkasome mpaka mstari wa mwisho, pale jaji anapotoa amri. Nasisitiza amri, kwa sababu kutaja kesi bila kujua mahakama iliamuru nini ni kumwekea jaji maneno mdomoni.

Sasa tuvuke upande wa pili, wa sheria zilizotungwa na Bunge. Chukueni Sheria ile ile ya Ndoa, ambayo katika mkusanyiko wa sheria za nchi ni Sura ya 29. Ukifungua nakala ya urekebu wa 2002, yaani toleo la sheria lililochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, kifungu cha 13 kinakuambia mwanamume anaoa akiwa na miaka 18 na msichana anaolewa akiwa na miaka 15. Karatasi ni nzuri, muhuri upo, maneno yanasomeka. Ukaandika hivyo kwenye insha yako, umepotea. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kitabu kwenye rafu hakikupiga kelele siku ile. Kilibaki kimya vilevile, na 15 yake.

Ndiyo maana swali ninalotaka mtoke nalo humu ndani ni fupi: je, hii bado iko hai? Muulize kila kifungu, kila kanuni, kila kesi. Ili kulijibu inabidi upite sehemu tatu. Kwanza, sheria za marekebisho zilizopitishwa baada ya kitabu chako kuchapishwa, ambazo hutoka kwenye Gazeti la Serikali na nyongeza zake. Pili, Matangazo ya Serikali, yale mnayoyaandika GN, maana kanuni nyingi zinazomgusa mwananchi kila siku zimo humo na wala hazimo katika sheria kuu. Tatu, hukumu zilizofuata. Mwanafunzi anayeishia sehemu ya kwanza amefanya theluthi moja ya kazi.

Na mwaka huu mna mzigo mmoja zaidi ambao kaka na dada zenu hawakuwa nao. Toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu la mwaka 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na ndani yake baadhi ya sheria zimepangwa namba upya. Kifungu ulichokisoma katika hukumu ya 2015 kinaweza leo kuwa na namba nyingine, ingawa maneno ni yale yale. Usimsahihishe jaji wa zamani. Andika namba aliyoitumia yeye, taja na toleo la sheria, kisha onyesha namba ya sasa. Kwenye meza ya huduma tunaweka nakala za matoleo yote mawili ubavuni kwa ubavu, mje mlinganishe wenyewe.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tunahifadhi vitabu vile vyenye vumbi vya Uingereza na India wakati nchi imekuwa huru tangu 1961. Swali zuri, na jibu lake ni tarehe: 22 Julai 1920. Sura ya 358 ya sheria zetu inasema mahakama zitatumia, pale sheria zetu zisipotosheleza, sheria ya mapokeo ya Uingereza (common law), misingi ya haki yao (equity), na sheria zao za matumizi ya jumla zilizokuwa zikitumika huko siku hiyo. Kwa hiyo hukumu ya London ya mwaka 1890 inaweza kukufaa kuliko ya mwaka 1990, ambayo hapa kwetu ni ya kushawishi tu. Sheria yetu ya Mikataba nayo, Sura ya 345, imechotwa kutoka ile ya India ya 1872. Ukikwama kwenye kifungu chake ambacho majaji wetu hawajakigusa, nenda rafu ya India. Mahakama zetu hufanya hivyo hivyo.

Mkifika kwenye kesi za Afrika Mashariki za zamani mtakutana na vifupisho vya kuchanganya. EACA ni ripoti za mahakama ya rufani tuliyoshirikiana na Kenya na Uganda, na EA ina hukumu za mahakama hiyo pamoja na za Mahakama Kuu za nchi hizi, kabla Mahakama yetu ya Rufani haijaanzishwa mwaka 1979. HCD, yaani High Court Digest, ni muhtasari wa kesi za Mahakama Kuu za mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Nasema muhtasari: aya chache alizoandika mtu mwingine. Ukimnukuu HCD kana kwamba ni jaji anayesema, umemnukuu mhariri.

Najua wapo mnaosubiri nizungumzie simu zenu. Haya. TanzLII, tovuti ya Mahakama ya Tanzania, ni ya bure na haidai nywila. Hukumu zake zina nukuu zisizotegemea mchapishaji yeyote: mwaka ndani ya mabano, kisha TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Za Kenya mtazipata kwenye Kenya Law, za Uganda kwenye ULII. Hizi zimeniondolea safari nyingi za ngazi, nazishukuru.

Ila kuna kosa moja ninaloliona kila siku. Mwanafunzi anaandika neno moja la Kiingereza kwenye kisanduku, anapata hukumu mia tatu, anafungua ya kwanza. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na hukumu za Kiswahili zimeongezeka. Ukitafuta kwa Kiingereza peke yake hutaziona. Ukitafuta "mirathi" peke yake, miongo ya hukumu zilizoandikwa kwa Kiingereza itakupita. Tafuteni kwa lugha zote mbili, kila mara, na kwenye daftari andikeni maneno mliyotumia na tarehe, ili msimamizi wako akikuuliza ulitafutaje uwe na jibu. Maneno yakiwa mawili au matatu yanayokwenda pamoja, kama "mali ya ndoa", yafungeni kwa alama za kunukuu.

Kwa makala za kitaaluma, msikimbilie kulipa. Mpango wa GOALI, ulioanza 2018 kwa ushirikiano wa Shirika la Kazi Duniani na maktaba za sheria za vyuo vya Cornell na Yale, unafungua majarida ya sheria kwa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo. Nywila inatolewa na maktaba, njooni mtuombe. Majarida ya nyumbani pia msiyadharau: Eastern Africa Law Review inatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1968, na humo mna mijadala juu ya ardhi na ndoa ambayo jarida la Ulaya halitawapa.

Jambo la mwisho ni sisi wenyewe wakutubi. Wengi wenu mnatuona walinzi wa mlango. Mkutubi wa sheria hatakuandikia hoja yako, wala hatakwambia mteja wako ashtaki au asishtaki. Hiyo si kazi yetu. Lakini ukija na swali lililoandikwa kwenye karatasi, hata kama ni mstari mmoja, tutakaa nawe nusu saa tutafute njia. Ukija siku moja kabla ya kukabidhi tasnifu, nusu saa hiyo haipo. Kama kesi unayoitaka haipo kwetu wala mtandaoni, tutaandikia maktaba nyingine, na majibu huchukua siku kadhaa.

Basi tufanye hivi. Kila mmoja achague kesi moja aliyoitaja kwenye insha yake ya muhula uliopita. Aitafute kwenye ripoti iliyochapishwa, aisome yote, aandike amri iliyotolewa. Kisha aitafute TanzLII aone ni hukumu zipi za baadaye zimeirejea, na zimeikubali, zimeona mazingira yake ni tofauti au zimeikataa. Ukurasa mmoja unatosha. Nitakuwa kwenye meza ya huduma kuanzia saa mbili asubuhi Jumatatu, na atakayegundua kwamba kesi yake imeshatenguliwa aje wa kwanza, tuirekebishe insha pamoja.